Sura ya Saba: Lisemwalo Halikusemwa

Filamu inaitwa Casablanca, ya mwaka 1942, na aliyeiongoza ni Michael Curtiz. Imekwenda kama nusu saa. Ndani ya mkahawa wa Rick, Ilsa, anayeigizwa na Ingrid Bergman, anaomba mpiga piano aitwe. Sam anakuja akiisukuma piano yake yenye magurudumu hadi mezani kwa bibie, na macho yake hayataki kukutana na macho ya mgeni. Anajua kitakachoombwa.

Ilsa anataka wimbo wa zamani. Anasema, tukimtia katika Kiswahili chetu: "Upige mara moja, Sam, kwa ajili ya siku zile." Sam anajifanya hajui anaambiwa nini. Ilsa halegezi. "Upige, Sam," anasema, na safari hii anautaja wimbo kwa jina. Sam anadai ameusahau. Ilsa anamkumbusha kwa kuuguna taratibu, bila maneno, mpaka vidole vya Sam vinashindwa kukataa.

Baadaye usiku uleule mkahawa umefungwa. Rick, yaani Humphrey Bogart, amekaa na chupa yake gizani. Naye anautaka wimbo huohuo, na hoja yake ni ya mtu mwenye kidonda: umempigia yeye, basi unaweza kunipigia na mimi. Kisha inafuata amri: upige!

Sasa litafute neno "tena" katika maombi hayo mawili. Halimo. Ilsa hakulisema, Rick hakulisema. Lakini muulize mpenzi yeyote wa sinema za zamani akutajie maneno ya Casablanca, na uwezekano ni mkubwa kwamba atakupa haya: "Play it again, Sam." Upige tena, Sam. Ni sentensi maarufu kuliko nyingi zilizomo ndani ya filamu ile, ila yenyewe haimo.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengi wetu hukomea kwenye nusu ya kwanza ya methali. Sura hii inahusu ile ya pili.

Laja

Sentensi ya Sam ilikuja kweli. Mwaka 1969 Woody Allen alipeleka Broadway tamthilia yake kuhusu mwanamume anayemhusudu Bogart kiasi cha kuzungumza na mzuka wake, na jina aliloipa ni hilohilo, lenye "tena" ndani yake. Mwaka 1972 tamthilia ikawa filamu. Tangu hapo sentensi ambayo haikusemwa ina bango na jina kwenye orodha za filamu. Mtu akitaka kuhakikisha, anaitafuta, anaikuta imeandikwa kwa herufi kubwa, anaridhika. Amethibitisha kwamba maneno yapo. Hajathibitisha kwamba Ilsa aliyasema.

Mfano mwingine ulianzia mbali zaidi ya Casablanca. Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilikuwa njiani kwenda mwezini tangi la oksijeni lilipolipuka. Mwanaanga Jack Swigert aliwaita wenzake wa Houston, na kiini cha alichosema ni: tumepata tatizo. Houston wakamtaka arudie, na kamanda wake, Jim Lovell, akarudia kwa maneno karibu yaleyale: Houston, tumepata tatizo. Sauti ilirekodiwa, yeyote anaweza kuisikiliza. Miaka 25 baadaye Ron Howard alitengeneza filamu ya Apollo 13, na Tom Hanks, akiwa Lovell, akasema: "Houston, tuna tatizo." Si "tumepata" tena, ni "tuna". Jambo lililokuwa taarifa ya kitu kilichokwisha kutokea likawa kengele ya hatari inayolia sasa hivi. Kwa mtazamaji aliyekaa ukingoni mwa kiti, "tuna" inafanya kazi vizuri zaidi.

Je, nukuu ya "tuna tatizo" ni kosa? Ukiiandika chini ya jina la filamu ya 1995, umenukuu sawasawa, maana hivyo ndivyo Hanks anavyotamka. Ukiiandika kuwa ni maneno ya wanaanga wa 1970, umekosea. Herufi hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni anwani. Nukuu ni kama barua: hata ikiandikwa kwa mwandiko safi namna gani, ukikosea anwani haifiki.

Filamu hiyohiyo ina kisa kitamu zaidi. Gene Kranz, mkuu wa zamu katika chumba cha kuongozea safari, ameigizwa na Ed Harris, na Harris anatoa kauli kwamba kushindwa si jambo la kuchagua. Kauli hiyo imebandikwa kwenye kuta za ofisi dunia nzima. Kranz mwenyewe hakuitamka wakati wa safari ile; waandishi wa filamu ndio walioitunga, baada ya kuzungumza na watu waliokuwamo kazini siku hizo. Lakini Kranz aliipenda. Alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 2000, aliifanya jina la kitabu. Mtu amevaa shati alilokatiwa na mshonaji wa filamu, likamkaa, akalichukua. Lisemwalo halikuwapo, likaja, likahamia nyumbani kwa mwenyewe.

Ulimi ni mhariri

Kwa nini tunakosea? Jibu la haraka ni kwamba kumbukumbu ni dhaifu. Lakini udhaifu mtupu ungezaa makosa ya kila aina: huyu angepoteza neno hili, yule angepoteza lile. Hapa watu mamilioni wasiojuana wanakosea kwa namna moja. Hiyo ni dalili ya kazi inayofanyika, kazi ya uhariri.

Chukua kisa kinachojulikana kuliko vyote. Katika The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, Luke Skywalker amekatwa mkono, amening'inia juu ya shimo, na Darth Vader anamwambia kwamba hakupata kuelezwa yaliyompata baba yake. Luke anajibu kwa hasira kwamba ameelezwa ya kutosha: ameelezwa kuwa Vader ndiye aliyemuua. Ndipo Vader anaposema: "No. I am your father." Hapana. Mimi ndiye baba yako.

Dunia nzima inasema: "Luke, mimi ndiye baba yako." Jina limeingia, "hapana" imetoka. Tazama jinsi mhariri huyu asiyeonekana alivyo hodari. Ndani ya filamu, "hapana" ina kazi: inajibu tuhuma ya Luke. Nje ya filamu, kijiweni, hakuna aliyetoa tuhuma, kwa hiyo "hapana" inaning'inia bila kuwa na inachokijibu. Na ndani ya filamu jina la Luke halihitajiki, kwa sababu Luke tunamwona. Nje, bila jina, msikilizaji hajui ni filamu gani. Ulimi umeitoa sentensi nyumbani kwake na kuifungia mzigo wa safari.

Au chukua Forrest Gump, filamu ya 1994. Forrest, akiwa kwenye benchi la kituo cha basi, anamnukuu mama yake kuhusu maisha na boksi la chokoleti. Kwa Kiingereza anasema maisha "yalikuwa" kama boksi hilo. Watu hukumbuka "ni". Hapa mtafsiri wa Kiswahili ana jambo la kushangaza mkononi. Sisi tukiripoti maneno ya mtu hatulazimiki kuurudisha wakati nyuma: mama alisema maisha ni kama boksi la chokoleti, basi. Ukilitafsiri toleo sahihi na lile la makosa kwa Kiswahili kizuri, yote mawili hutoa sentensi moja. Kosa limezama baharini. Ndiyo maana anayekusanya nukuu za filamu za kigeni kwa Kiswahili hana budi kuyaweka maneno ya asili kando ya tafsiri. Tafsiri peke yake haihakikiki.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilifanyia jambo hili hesabu. Walikusanya maneno ya filamu kama 1,000, wakachukua sentensi ambazo watazamaji wenyewe walikuwa wameziorodhesha kuwa za kukumbukwa, na kila moja wakailinganisha na sentensi nyingine ya urefu unaokaribiana, iliyosemwa na mhusika huyohuyo karibu na hapo. Kilichojitokeza ni kwamba sentensi zinazokumbukwa hutumia maneno yasiyo ya kawaida katika mpangilio wa kawaida kabisa. Tena ni za jumla: hazitegemei sana "yeye" na "wao" ambao msikilizaji hawajui, na huegemea wakati uliopo kuliko uliopita.

Rudi sasa kwenye makosa yetu. "Tumepata" ikawa "tuna". "Yalikuwa" ikawa "ni". Watu hawazipotoshi nukuu ovyo. Wanazisukuma kuelekea kule zinakokumbukika zaidi. Sentensi iliyokosa sifa moja ya kudumu inaongezewa sifa hiyo na wanaoipenda. Kwa hiyo nukuu inayokuja kichwani upesi, ikiwa laini bila mkwaruzo wowote, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

Wengi si mashahidi

Tuna methali nyingine isemayo wengi wape. Katika kura na katika kugawa chakula, ni busara. Katika nukuu ni mtego.

Mtu akiandika kwamba Ilsa alisema "tena", na wengine 40 wakakubali, hujapata mashahidi 41. Inawezekana umepata mmoja aliyekosea na 40 waliomsikia. Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliliona hili karne nyingi zilizopita: hawakuridhika na kuuliza nini kimesemwa, waliuliza kimepokewa kwa nani, na huyo naye alipokea kwa nani, hadi mnyororo umfikie aliyesikia kwa masikio yake. Nukuu ya filamu ina bahati ambayo masimulizi mengi hayana: aliyesema bado anasema. Ilsa yupo kwenye skrini na atayarudia maneno yake kila utakapomtaka. Kumwacha shahidi huyo na kwenda kuuliza mtaani ni uvivu tu.

Orodha za heshima nazo zina mahali pake, lakini si mahali pa skrini. Mwaka 2005 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilitoa orodha ya nukuu 100 za filamu za nchi hiyo, zilizochaguliwa kwa kura. Casablanca iliingiza sita, nyingi kuliko filamu yoyote. Ombi la Ilsa limo, nafasi ya 28, nalo limeandikwa kama lilivyosemwa, bila "tena". Taasisi ilikwenda kwenye filamu. Orodha kama hiyo inakuonyesha wapi pa kutazama. Kutazama ni juu yako.

Karatasi nayo hudanganya

Mwenye haraka atasema: mbona rahisi, nitasoma skripti. Skripti ni ramani ya jengo, na mafundi hubadilisha mambo wakijenga. Kauli inayoifunga Casablanca, ile ya Rick kumwambia mwenzake Louis kwamba urafiki mzuri ndiyo kwanza unaanza, ilipatikana baada ya upigaji picha kumalizika. Bogart aliitwa kurudi kuirekodi sauti yake. Katika Taxi Driver ya mwaka 1976, Robert De Niro anaposimama mbele ya kioo na kumuuliza mtu asiyekuwapo kama anasemeshwa yeye, maneno hayo aliyabuni palepale. Skripti ilisema tu kwamba anajisemesha kiooni.

Kisa cha Vader kinapita hivyo. Siri ya ubaba ililindwa hivi kwamba David Prowse, aliyekuwa ndani ya vazi jeusi, alipewa maneno mengine ya kusema mbele ya kamera, yanayomtaja Obi-Wan, mwalimu wa Luke, kuwa ndiye muuaji wa baba. Sauti tunayoisikia ni ya James Earl Jones, iliyoingizwa baadaye studio. Ungekuwa umesimama pale siku ya kupiga picha, ukasikia kwa masikio yako, ukaandika neno kwa neno, bado ungetoka na nukuu isiyomo katika filamu. Filamu ni kile kilichofika kwenye skrini.

Vipi sabtaito, yale maandishi ya chini ya skrini? Yanasaidia, lakini mwandishi wake ana kazi tofauti na yako. Yeye anapigana na muda: mwigizaji anasema maneno 20 kwa kasi, jicho la msomaji linaweza 12, basi anapunguza. Kigugumizi kinaondolewa, neno la kuanzia linakatwa, tusi linalainishwa. Ukinukuu sabtaito bila kusikiliza, umemnukuu mwandishi wa sabtaito.

Halafu kuna suala la toleo. Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka mwaka 1982, ikarudi ikiwa imehaririwa upya mwaka 1992, na tena 2007. Katika toleo la kwanza, kiumbe Roy Batty anapomkabili mtengenezaji wake kudai maisha zaidi, anamalizia kwa tusi. Katika lile la 2007 anamalizia kwa kumwita baba. Kutoka tusi hadi baba, mhusika yuleyule, pumzi ileile. Anayesema "katika Blade Runner" bila kutaja ipi hajamaliza sentensi yake.

Vivyo hivyo kwa filamu iliyotoka kitabuni. Karibu na mwisho wa Gone with the Wind ya mwaka 1939, Rhett Butler anaondoka na kauli inayoanza na neno lenye maana ya "kusema kweli". Neno hilo la kuanzia halimo katika riwaya ya Margaret Mitchell ya 1936. Ni la filamu. Na kwetu, Vuta N'kuvute ni riwaya ya Adam Shafi na pia ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Ukinukuu, sema ni ipi. Mwandishi na mwongozaji ni watu wawili, kila mmoja na kazi yake.

Stelingi na mdomo wa kuazima

Msomaji aliyekulia Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atasema kwamba hadi hapa nimewazungumzia watu wanaokaa na filamu kimya. Wengi wetu hatukuziona hivyo. Tuliziona kwenye kibanda umiza: benchi za mbao, joto, televisheni moja juu ya kabati, na sauti ya Mswahili ikimfunika Mchina, Mhindi na Mmarekani. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizipa filamu za kigeni sauti ya Kiswahili Tanzania. Kenya kuna DJ Afro. Kampala wapo wanaoitwa VJ, wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Kazi yao inazidi kutafsiri. Wanaeleza, wanatania, wanamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango.

Sasa jiulize: maneno uliyoyabeba kutoka kibandani ni ya nani? Stelingi alifumbua mdomo, lakini yaliyokufikia na kukuchekesha mpaka leo yalitungwa na mtu aliyekaa na maikrofoni mbele ya televisheni. Ukiyaandika kuwa maneno ya Bruce Lee, umemwibia Lufufu au mwenzake. Ukisema hayafai kunukuliwa kwa kuwa hayamo kwenye filamu, umemwibia mara ya pili. Yanafaa, na pengine yanafaa kuliko mengi. Yapewe anwani yake tu: filamu fulani, kwa sauti ya fulani, kwenye mkanda fulani. Msimulizi ni mtunzi.

Filamu zetu wenyewe zina mtihani wa namna yake. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ndiyo iliyokuwa ya kwanza Kenya kuipeleka kugombea Oscar. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu, na chini ya skrini kuna Kiingereza. Mwandishi wa ng'ambo ananukuu Kiingereza kile kana kwamba ndicho kilichosemwa. Hana hatia sana, hana sikio la Sheng. Sisi tunalo, na tukimwachia yeye kazi hii, kijana wa mjini atabaki katika rekodi akiwa anazungumza lugha ambayo hakuifungulia kinywa.

Na sikio letu linahitajika hata katika filamu zisizo zetu. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia, Nien Nunb, amepewa sauti na Mkenya, Kipsang Rotich, na anachokisema ni pamoja na Kikuyu. Kwa watazamaji wengi ilikuwa lugha ya sayari nyingine. Kwa watu wa Nyeri ilikuwa lugha ya nyumbani. Katika The Lion King ya 1994, nyani Rafiki anamcheza shere Simba kwa maneno ambayo mgeni huyasikia kama upuuzi mtamu. Anayejua Kiswahili anasikia "asante sana", anasikia "nugu", na hahitaji kubahatisha tahajia. Kuhakiki ni kazi ya masikio, na masikio hayalingani. Kila lugha iliyomo ndani ya filamu inadai shahidi wake.

Kaa usikilize

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Tuifanye mara moja pamoja, kwa Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975.

Mkuu wa polisi Brody, anayeigizwa na Roy Scheider, amesimama nyuma ya boti akimwaga chambo baharini, sigara mdomoni, akinung'unika. Papa anaibuka ghafla, kinywa wazi, mbele ya uso wake. Brody hapigi kelele. Ananyooka, anarudi kinyumenyume taratibu hadi kwenye kibanda cha nahodha, na kusema sentensi moja kuhusu kuhitaji boti kubwa zaidi.

Kabla hujabonyeza kitufe, andika unachodhani kinasemwa. Usiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha mhariri wa kichwani mwako akiwa kazini. Wengi huandika "Tutahitaji boti kubwa zaidi." Sasa vaa hedfoni, zima sabtaito, na uicheze sehemu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili andika neno kwa neno, pamoja na kigugumizi na kujirudia, bila kumsahihisha mwigizaji sarufi. Mara ya tatu soma ulichoandika huku akisema, kidole juu ya karatasi.

Utasikia "utahitaji". Ni U, si Tu. Brody anamwambia nahodha Quint: wewe utahitaji boti kubwa zaidi. Tofauti kwa Kiswahili ni silabi ya kwanza tu, na imebeba tabia nzima ya mtu. Brody ni askari wa nchi kavu anayeogopa maji. Boti si yake. Hata papa akiwa hatua chache tu kutoka kwake, moyoni bado hajajihesabu kuwa baharia. Anayeandika "tutahitaji" amempandisha Brody boti kwa nguvu. Na usiitafute sentensi hiyo kwenye skripti, maana Scheider aliichomekea mwenyewe wakati wa kupiga picha.

Ukishasikia, washa sabtaito ulinganishe. Zikipingana na sikio lako, mwite mtu wa pili asikilize bila kumwambia ulichosikia wewe. Ukimwambia kwanza, naye atasikia hivyohivyo. Kisha andika anwani kamili: jina la filamu, mwaka, toleo, mhusika na mwigizaji, anayeambiwa, saa, dakika na sekunde. Matendo usiyachanganye na maneno. Ukikata katikati, weka nukta tatu ili msomaji ajue. Ukitafsiri, weka lugha ya asili na useme tafsiri ni ya nani.

Lipi la kubeba

Usahihi peke yake hautoshi. Mtu anaweza kunakili filamu nzima bila kosa na asiwe amechagua chochote, tena akawa amemwingilia mwenye hakimiliki. Kuchagua ni kuacha. Filamu ya saa mbili ikikupa nukuu tano au sita zenye uzito, imekupa nyingi.

Mimi hutumia maswali mawili. La kwanza: je, asiyeiona filamu atapata kitu? Kichekesho kinachotegemea sura ya mwigizaji hakibebeki kwenye karatasi, hata kama ukumbi mzima ulicheka. La pili: je, aliyeiona ataitambua filamu hii, si nyingine yoyote? "Twende, hatuna muda" imesemwa katika maelfu ya filamu.

Na sentensi inapokuwa nzuri lakini haisimami peke yake, dawa si kuitengeneza. Dawa ni kumleta jirani yake. Vader hahitaji kuongezewa jina la Luke. Anahitaji Luke asikike kwanza: weka tuhuma ya kijana, halafu weka "Hapana. Mimi ndiye baba yako." Mistari miwili, na sasa "hapana" ina kitu cha kujibu, msomaji amejua nani anasema na nani, na hakuna neno lililoghushiwa. Makosa mengi maarufu yangeepukika kwa njia hiyo moja: nukuu mstari wa kabla.

Sisemi watu waache kusema "upige tena, Sam" barazani. Maneno hayo sasa yana maisha yake, na mzaha hauhitaji hati. Lakini siku utakapoyaandika na kuweka jina la filamu chini yake, umetoa ushahidi, na shahidi huulizwa ameona wapi. Jibu lako lisiwe "watu wote wanajua". Liwe dakika na sekunde.